Kwa Nini Sigara Haiachiki kwa Urahisi

Katika mwezi wa Ramadhani, mvutaji wa Dodoma anayefunga hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, muda wa zaidi ya saa 13, bila kuweka sigara mdomoni. Anauza bidhaa zake soko la Majengo au anakaa ofisini Mtumba, anapanda daladala, anabishana na wateja, na siku inaisha salama. Mtu huyohuyo, mfungo ukiisha na siku za Idi zikapita, hujikuta hawezi kumaliza kikao cha saa mbili bila kutoka nje. Ndugu zake humwambia kwamba aliyeweza kwa mwezi mzima anaweza kuacha kabisa, na kwamba kinachokosekana ni nia. Hoja hiyo inasikika kuwa ya haki, lakini imekosea kwenye kiini, na kosa hilo limewafanya wavutaji wengi wajaribu kuacha kwa njia isiyofaa, washindwe, kisha wajihukumu kuwa watu dhaifu.

Ugumu wa kuacha sigara una sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja, ila haziishi kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya kikemikali: nikotini imeubadili ubongo, na ubongo unaidai. Sehemu hii ni kali, lakini hudumu kwa wiki chache tu. Ya pili ni ya mazoea yaliyofunzwa: kwa miaka mingi ubongo umejifunza kuitarajia nikotini saa fulani, mahali fulani na mbele ya watu fulani, na somo hilo halifutiki eti kwa sababu nikotini imeshatoka mwilini. Anayejiandaa kwa sehemu ya kwanza peke yake hushangaa anapoanguka mwezi wa tatu, wakati ambapo damu yake haina tena kitu cha kudai.

Tuanze na nikotini yenyewe. Sigara moja ya kiwandani huwa na miligramu 10 hadi 14 hivi za nikotini, lakini kinachoingia katika damu ya mvutaji ni kama miligramu moja au moja na nusu. Kiasi hicho ni kidogo. Nguvu yake iko katika njia inayopita. Moshi ukivutwa hadi ndani ya mapafu, nikotini huingia katika damu kupitia vifuko vya hewa, damu hiyo hurudi kwenye moyo na kusukumwa kuelekea ubongoni, na safari yote huchukua sekunde 10 hadi 20. Dawa inayochomwa kwenye mshipa wa mkono haifiki upesi kuliko hapo. Kasi hii ina maana kubwa, kwa kuwa ubongo hujifunza kwa kuunganisha tendo na matokeo yanayolifuata papo hapo. Kidonge kinachofanya kazi baada ya saa nzima hakimfundishi mtu kukipenda, kwa sababu katika saa hiyo amefanya mambo mengine mengi. Moshi unaofanya kazi kabla hata mkono haujashuka humfundisha kila mara.

Ndani ya ubongo, nikotini hushika vipokezi ambavyo kwa kawaida hupokea asetilikolini, kemikali ambayo mwili hujitengenezea kwa ajili ya umakini, kumbukumbu na kazi nyingine nyingi. Nikotini inafanana nayo kiasi cha kuvifungua vipokezi hivyo. Vingine viko kwenye seli zinazotoa dopamini, ambayo huuambia ubongo kwamba jambo lililotokea sasa hivi linafaa kurudiwa. Ndiyo ileile inayotoka mwenye njaa anapopata chakula. Mtu anayevuta paketi moja ya sigara 20 kwa siku, akivuta mikupuo kama 10 kwa kila sigara, anaupa ubongo wake somo hilo mara 200 kwa siku, na zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Ni vigumu kupata tendo jingine katika maisha ya kawaida ya mwanadamu, iwe ni kula, kusali au kusalimiana, linalorudiwa na kutuzwa mara nyingi kiasi hicho.

Ubongo unaofunguliwa hivyo kutwa nzima haubaki kama ulivyokuwa. Vipokezi vilivyozidiwa huzimika kwa muda, na seli hujibu kwa kuongeza idadi yake, hata mvutaji wa siku nyingi akawa na vipokezi vingi kuliko mtu asiyevuta. Nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na inapopungua vipokezi hivyo vingi huamka vikiwa vitupu. Hapo ndipo inapokuja hali ambayo vijiweni huitwa arosto: hasira za haraka, wasiwasi, kushindwa kutulia na kukaza fikra, njaa isiyoisha, usingizi wa mang'amung'amu, na kwa wengine huzuni nzito. Dalili hizi huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Vipokezi navyo hurudi katika idadi ya kawaida baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba siku ya tatu ndiyo iliyomshinda hatafuti kisingizio. Ametaja kwa usahihi siku ambayo mwili ulidai kuliko siku nyingine zote.

Arosto ndiyo chanzo cha imani iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wavutaji, kwamba sigara huondoa mawazo. Dereva wa lori aliyesimama Kibaigwa baada ya mwendo mrefu anavuta na kuhisi mabega yakilegea, na anachohisi ni cha kweli. Lakini sehemu kubwa ya mzigo uliotuliwa ni ule ulioletwa na kupungua kwa nikotini ya sigara iliyotangulia, na kilichofanyika ni kumrudisha karibu na hali ambayo mwenzake asiyevuta alikuwa nayo muda wote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la British Medical Journal ulionyesha kwamba walioacha sigara walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo wakilinganishwa na walioendelea kuvuta. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo iko ng'ambo ya wiki kadhaa ngumu, na ndani ya wiki hizo kila ushahidi ambao mvutaji anaupata kutoka mwilini mwake unamwambia kinyume. Nadhani ni ukatili kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sigara haimsaidii kitu, pasipo kumweleza kwa nini anahisi inamsaidia.

Ni lazima isemwe pia kwamba sigara haikuwa ngumu kuachika kwa bahati mbaya. Mwaka 1963 Addison Yeaman, mwanasheria mkuu wa kampuni ya Brown & Williamson ya Marekani, aliandika katika waraka wa ndani kwamba nikotini inaleta uraibu na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini. Mwaka 1988 Mganga Mkuu wa Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyoeleza kwamba namna tumbaku inavyomfunga mtumiaji inafanana na namna heroini na kokeini zinavyofanya. Hata hivyo, mwezi Aprili 1994, wakuu wa kampuni saba kubwa za tumbaku walikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kutamka mmoja baada ya mwingine kwamba hawaamini kuwa nikotini inaleta uraibu. Katika miongo hiyo viwanda vilijifunza kupima nikotini na kuirekebisha, kutia misombo ya amonia inayobadili namna nikotini inavyotoka ndani ya moshi, na kutia mentholi, ladha ya mnanaa inayopoza koo ili anayeanza aweze kuvuta hadi mapafuni bila kukohoa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku sigara za mentholi mwezi Mei 2020. Katika maduka yetu zinauzwa kama kawaida, na wako vijana wanaoamini kwamba ni nyepesi kwa sababu tu haziwashi koo.

Sasa turudi kwenye fumbo la Ramadhani. Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichunguza jambo linalofanana nalo kwa Wayahudi wanaoshika Sabato, ambao dini inawazuia kuwasha moto kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, wavutaji hao walikuwa na hamu ndogo ya sigara asubuhi ya Sabato kuliko siku ya kazi ambayo waliombwa wasivute, ingawa katika siku zote mbili hawakuvuta. Mwaka 2010 walitoa utafiti mwingine kuhusu wahudumu wa ndege wanaovuta, ambao walipima hamu yao katika safari fupi za saa tatu hadi tano na nusu na katika safari ndefu za saa 10 hadi 13. Kama hamu ingekuwa inafuata nikotini peke yake, ingepanda sawasawa kadiri saa zinavyopita tangu sigara ya mwisho. Haikuwa hivyo. Ilipanda ndege ilipokaribia kutua, na mwisho wa safari fupi ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa saa hiyohiyo katika safari ndefu.

Maana yake si kwamba nikotini haina uraibu. Maana yake ni kwamba hamu ya sigara huamshwa zaidi pale ubongo unapoona kuwa kuvuta kunawezekana. Mchana wa Ramadhani jambo limekwisha kuamuliwa. Halihitaji kuamuliwa upya kila baada ya nusu saa, hakuna chai wala kahawa ya kulikumbusha, na wenzake wanaomzunguka nao wamefunga. Magharibi ikiingia ruhusa inarudi, na wengi huvuta mara tu baada ya kufuturu, tena baada ya tarawehe, tena kabla ya daku, hata nikotini waliyoikosa mchana wakaipata kwa sehemu kubwa usiku. Kwa hiyo mvutaji anayefunga hakuacha sigara kwa mwezi mmoja. Alihamisha saa zake. Kufunga kunathibitisha kwamba mazingira na matarajio yana nguvu kubwa juu ya hamu, na hilo ni jambo la kutia moyo, ila hakuthibitishi kwamba aliyeshindwa kuacha mwezi wa Shawwal, unaofuata Ramadhani, alikosa nia.

Mazingira hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiko sehemu ya pili ya ugumu ilikojificha. Mifugo ya Ugogo iliyozoea kunyweshwa lamboni jioni huanza kushika njia yenyewe saa ikifika, pasipo mchungaji kusema neno. Na hamu ya sigara hushika njia kwa namna hiyo. Kikombe kidogo cha kahawa ya jioni, chakula cha mchana kilichomalizika, mlio wa kiberiti, harufu ya moshi kwenye koti la mwenzako, simu iliyoleta habari mbaya, dakika tano za kusubiri abiria kwenye kijiwe cha bodaboda: kila kimoja kimewahi kuambatana na nikotini mara maelfu, na kila kimoja kinaweza kuiamsha hamu hata kama mtu hajavuta kwa miezi sita. Tafiti zimeonyesha pia jambo linalowashangaza wengi, kwamba hamu inayoamshwa na vichocheo vya namna hii inaweza kuongezeka katika wiki za kwanza za kuacha, wakati uleule ambao arosto yenyewe inapungua.

Ushahidi wa wazi kuhusu mahali hamu hiyo inapokaa ulitoka kwa wagonjwa wa ubongo. Mwaka 2007 Nasir Naqvi na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa watu 69 waliokuwa wavutaji kabla ya kupata majeraha ya ubongo, wengi wao kutokana na kiharusi. Kati yao, 19 walikuwa wameumia kwenye insula, sehemu iliyokunjwa ndani ya ubavu wa ubongo ambayo huusoma mwili na kutupatia hisia za njaa, kiu na mapigo ya moyo. Walioumia hapo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha sigara kwa wepesi, mara moja, bila hamu kurudi, na mmoja wao alieleza kwamba mwili wake ulisahau ile haja ya kuvuta. Hakuna anayependekeza kuumiza ubongo wa mtu ili aache sigara. Lakini utafiti huo unatusaidia kuelewa kwamba mvutaji anaposema anasikia sigara mwilini, kooni na kifuani, hatii chumvi: hamu yake inakaa jirani na kiu ya maji.

Ukiyaweka maarifa haya juu ya maisha ya mjini Dodoma, utaona kwamba anayetaka kuacha hapa amezungukwa. Sigara huuzwa moja moja kwenye vibanda na kwa wamachinga wanaotembea na maboksi, kwa sarafu chache tu, kwa hiyo hahitaji kuamua kununua paketi. Anaamua kuhusu moja tu, na moja inaonekana si kitu. Asiye na sarafu anagongea kwa rafiki. Moto huombwa kwa mtu usiyemjua, na maongezi huanzia hapo. Kijiweni, anayekataa sigara aliyopewa huulizwa kama ameokoka au anaumwa, na swali hilo la utani linamlazimisha kujieleza mbele ya watu akiwa katika siku ambazo hasira iko karibu. Siku ya mnada wa Msalato, nyama choma, bia na sigara huja pamoja, na pombe ina hatari yake ya pekee: hulegeza uamuzi wakati uleule inapoamsha kumbukumbu ya kuvuta. Wengi wanaorudi kuvuta hurudia kwenye meza ya kinywaji. Hata upande wa uchumi hautusaidii, kwa kuwa tumbaku ni miongoni mwa mazao makubwa ya biashara ya nchi hii, inayolimwa hasa Tabora na maeneo jirani hadi Manyoni mkoani Singida, na mtu mwenye shamba la tumbaku nyumbani kwao huiangalia kwa jicho lililo tofauti na la daktari.

Jambo moja la pembeni kuhusu ugoro. Wazee wengi wa kanda ya kati hunusa ugoro au kuuweka mdomoni, na wapo wavutaji wanaohamia huko wakidhani wameacha. Ugoro hauna moshi, kwa hiyo mapafu hupumzika, lakini nikotini ni ileile na utegemezi unabaki, pamoja na hatari ya saratani ya kinywa kwa anayeuweka mdomoni.

Watu pia hawalingani. Ini la binadamu huvunja nikotini kwa kimeng'enya ambacho kasi yake hurithiwa. Anayeivunja haraka hupungukiwa mapema, huvuta zaidi na huona tabu zaidi kuacha kuliko jirani yake anayeivunja polepole. Umri wa kuanza nao una uzito, kwa kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25, na uliofundishwa sigara ukiwa na miaka 15 hulishika somo kwa kina. Kuna kipimo chepesi ambacho mtu anaweza kujipima nyumbani, kilichotokana na kazi ya Karl Fagerström wa Uswidi. Kina maswali sita, na lenye uzito kuliko mengine linauliza ni dakika ngapi hupita baada ya kuamka kabla ya kuwasha sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika tano ana utegemezi mkubwa, hata kama kwa siku havuti nyingi, na hapaswi kujilinganisha na rafiki yake aliyeacha kwa siku moja bila msaada wowote. Rafiki huyo yupo kweli na anasimulia kwa nia njema, lakini huenda ubongo wake haukuwa na deni kubwa kiasi hicho.

Kati ya wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni kama watatu hadi watano tu katika kila mia wanaokuwa bado hawavuti baada ya miezi sita hadi mwaka. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mvutaji anaweza kuhitaji majaribio 30 au zaidi kabla ya kufanikiwa kukaa mwaka mzima bila kuvuta. Nikiziangalia namba hizo sioni sababu ya kukata tamaa. Naona kwamba kushindwa jaribio la nne au la kumi ni hatua ya kawaida ya safari hiyo, na kwamba tunaowacheka walioshindwa hatujui tunachokicheka.

Namna watu wanavyoshindwa nayo inaeleweka. Mtu amekaa wiki saba, anakutana na marafiki, mmoja anamwambia, "Piga pafu moja tu." Mwaka 2006 Arthur Brody na wenzake huko California walipiga picha za ubongo na kuona kwamba mkupuo mmoja au miwili unatosha kushika karibu nusu ya vipokezi vikuu vya nikotini, na sigara nzima hushika zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo hakuna mkupuo mdogo. Lakini pigo kubwa zaidi hutoka katika fikra zinazofuata: nimeshaharibu, basi acha niendelee. Mtu aliyevuta moja na kusimama hapo hajarudi mwanzo. Aliyevuta moja na kujihukumu kwamba amerudi mwanzo ndiye anayenunua paketi kabla ya kulala.

Wengi huuliza kama ni bora kupunguza kidogo kidogo. Mwili una ujanja wake katika hilo: anayetoka sigara 20 kwenda 10 huvuta kila moja kwa nguvu zaidi, huushika moshi ndani muda mrefu zaidi na kuifikisha karibu na kichungi, hata akajikuta anapata nikotini nyingi kuliko anavyodhani. Ndiyo sababu zile sigara zilizotangazwa kuwa nyepesi, zenye vitundu kwenye kichungi, hazikuokoa afya ya mtu. Katika utafiti uliofanyika Uingereza kwa wavutaji 697 na kuchapishwa mwaka 2016, walioacha kwa siku moja iliyopangwa walifanikiwa zaidi kuliko waliopunguza taratibu kwa wiki mbili: baada ya miezi sita, asilimia 22 dhidi ya asilimia 15.5. Makundi yote mawili yalipewa dawa na ushauri, na hilo lisisahaulike.

Dawa hizo zipo na zinafanya kazi kwa kuigusa sehemu ya kwanza ya ugumu. Plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi hutoa nikotini polepole kwa saa nyingi, na jojo ya nikotini hutafunwa kidogo kisha kuwekwa kati ya shavu na ufizi ili iingie kupitia kinywa. Anayeitafuna mfululizo huimeza nikotini na kupata kwikwi na kichefuchefu, kisha hulalamika kwamba haifai. Hakuna kati ya hizo inayofika ubongoni kwa sekunde 10, kwa hiyo hazitoi ile raha ya mkupuo. Hazikutengenezwa kuitoa, kazi yake ni kuizuia arosto wakati mtu anajifunza upya jinsi ya kunywa kahawa, kusubiri abiria na kupokea habari mbaya bila sigara. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kufidia nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini mwaka 2021, na Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku, unaopendekeza dawa pamoja na ushauri.

Tanzania ilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba karibu asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, yaani takribani milioni 2.6, walikuwa wanatumia tumbaku. Ninachokiona ni kwamba nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye onyo. Onyo ni la lazima kwa mtoto ambaye hajaanza. Kwa mtu wa miaka 45 anayejua vizuri kwamba moshi unamuua, kurudia onyo hilo ni kumwongezea hofu, na hofu kwake ni mojawapo ya vitu vinavyomtuma kununua sigara. Hapahapa Dodoma, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe inawahudumia waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa inayozuia arosto ya heroini, kwa kuelewa kwamba ubongo uliobadilika unahitaji dawa, muda na mtu wa kuzungumza naye. Maarifa hayohayo yanamhusu mvutaji wa sigara, ila jamii haijazoea kumfikiria kama mgonjwa anayestahili subira ya namna hiyo.

Kwa sehemu ya pili ya ugumu hakuna kidonge, kuna mpango. Kabla ya siku ya kuacha, mtu aandike kwa juma moja kila sigara anayovuta, saa yake, mahali na watu aliokuwa nao. Karatasi hiyo itamwonyesha sigara zake tatu au nne ambazo ni ngumu kuliko nyingine zote, na kwa kila moja atafute kitu mahususi cha kufanya badala yake: abadili kiti cha kunywea kahawa, ahamie kijiwe kingine kwa wiki chache, asikanyage baa kwa mwezi wa kwanza, awaambie rafiki wawili kwa majina yao kwamba wasimpe hata akiomba. Kila wimbi la hamu hudumu kwa dakika chache kisha hushuka, hata kama hakuvuta, na kulijua hilo mapema kunasaidia. Ajue pia kwamba huenda akanenepa, kwa wastani kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini ilikuwa inapunguza hamu ya kula na kuongeza kasi ya mwili kuchoma nishati. Hatari ya kilo hizo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya moshi. Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951 na kutoa matokeo ya miaka 50 mwaka 2004, walikuta kwamba mvutaji hupoteza kwa wastani miaka 10 ya uhai, na kwamba anayeacha akiwa na miaka 60 hujirudishia kama mitatu, miaka 50 kama sita, miaka 40 kama tisa, na miaka 30 karibu yote.

Anayetumia dawa za magonjwa ya akili kama klozapini amweleze daktari wake kabla ya kuacha, kwa kuwa moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja dawa hiyo. Ukikoma, kiwango cha dawa katika damu hupanda ndani ya siku chache na kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Kuhusu wanaoishi na mtu anayeacha, mke, kaka, mwenzake wa kazini, watarajie ukali katika wiki ya kwanza na wasiuchukulie kuwa ni ugomvi, wala wasimalize kazi yao mwezi ukiisha. Wakimkuta amevuta tena mwezi wa tatu, wamuulize alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, na alikuwa amekunywa nini, kwa sababu hayo ndiyo anayoyahitaji ili kupanga jaribio linalofuata.